Mwanzi Bubu

Sehemu ya Saba

Kidole cha Wayua kilikuwa bado juu ya neno FUTA.

Ndiyo, msomaji, pale pale tulipomwacha Jumamosi iliyopita: ndani ya nyumba ya mama Mbithe hapa Mutomo. Mama mwenyewe ametoka mbio kufukuza mbuzi kwenye kunde zake, na simu ameiacha mikononi mwa mgeni kwa roho safi. Ndani ya simu hiyo mna ujumbe wa sauti wa marehemu Kivuva, mwanawe, aliourekodi ukingoni mwa mto muda mfupi kabla ya maji kumchukua. Na nyuma ya sauti ya Kivuva, kwa mbali, mna sauti ya mwanamke.

Mwanamke huyo ni Wayua.

Familia haijui. Wote wameambiwa, na yeye ndiye aliyewaambia, kwamba siku ile hakutoka Nunguni, kwamba alishinda kwenye karakana yake akichonga spika za mwanzi. Asubuhi hii ndiyo ameisikia sauti yake kwa mara ya kwanza, sikio lake la fundi limebanwa kwenye simu, na aliposikia jina la Kivuva likitoka kinywani mwake mwenyewe aliikata papo hapo.

Bonyeza, akajiambia. Bonyeza mara moja tu, yaishe.

"Unafanya nini na simu ya mama?"

Nusura aiangushe. Mlangoni alisimama Katunge, dada yake Kivuva, karai la nguo kiunoni, macho hayapepesi.

"Napima," akasema Wayua. "Lazima nijue unene wa simu ndio nikate nafasi yake kwa mwanzi."

"Unapima na kidole?"

"Nilikuwa napunguza mwangaza. Ilikuwa inakula chaji."

Katunge aliweka karai chini, akaichukua ile simu, akaipangusa kwenye sketi yake kana kwamba imeshikwa na mtu mwenye mafua.

"Basi nitaishika mimi," akasema. "Wewe pima."

Wayua akapima. Kijiti cha kupimia kikamponyoka mara mbili.

Ikiwa umejiunga nasi leo, ujue kwamba Wayua na Kivuva walikuwa washirika wa kazi. Kule Nunguni mianzi hustawi kando ya vijito. Wao waliikata, wakaikausha kivulini, wakaichonga kipande kwa kipande. Unatoboa nafasi juu, unachomeka simu, na sauti inatoka pande mbili kubwa na tamu, bila stima, bila betri. Kinyozi wa mji wa Kabati anayo. Makanisa ya huku Kitui yasiyo na stima yanayo. Wayua alikuwa fundi, Kivuva alikuwa mdomo na miguu ya biashara.

Sasa spika ya simu ya mama Mbithe ilikuwa imekufa nusu, tangu ilipotumbukia kwenye ndoo. Katika ujumbe wa mwisho wa mwanawe alisikia "Mama, nimefika mtoni," kisha mvumo wa maji, basi. Akamtumia Wayua salamu: mwanangu, njoo unichongee ile kitu yenu nimsikie mtoto wangu vizuri. Ungekataaje?

Mama Mbithe alirudi akihema, fimbo mkononi.

"Hao mbuzi watanimaliza. Wayua, umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mama."

"Hujakunywa. Kikombe imejaa." Akaketi karibu yake, akangoja Katunge atoke kwenda kuanika nguo. Kisha akashusha sauti. "Mwanangu, nikuambie kitu ambayo hata pastor sijamwambia."

Wayua akakiinua kile kikombe.

"Asubuhi ile tuligombana kwa simu, mimi na Kivuva. Alitaka nimpakilie mbuzi za ntheo kwa lori ya Aftin, yule mfanyabiashara wa mbuzi."

Hapo Wayua aliinua kichwa. Kila Mkamba anajua ntheo ni nini. Ni wale mbuzi wanaopelekwa kwa kina msichana, na baba akishawapokea, msichana huyo si wake tena, ni mke wa watu.

"Ntheo za nani?"

"Si hapo ndio shida! Alikataa kuniambia jina. Alisema nitasikia sauti yake kabla nione sura yake, akacheka. Mimi nikakasirika. Nilimwambia maneno mbaya, Wayua. Nilimwambia ananiibia mbuzi apelekee msichana hana sura. Nikazipakia kwa hasira, nikakata simu. Halafu akanitumia hii." Alishika simu kwa mikono miwili. "Sijui kama alinisamehe. Sijui kama mtoto wangu aliingia kwa maji na matusi yangu kwa masikio yake. Nikisikia hata neno moja, nitalala."

Kivuva alikuwa na msichana. Wayua alijishangaa kwamba jambo hilo lilimchoma, yeye ambaye hakuwa na haki tena ya kuchomwa na lolote. Mwaka mzima wamefanya kazi bega kwa bega, na kumbe Kivuva alikuwa na mpenzi wake, pengine huko Kabati, pengine yule msichana wa duka la vitambaa. Aliona wivu juu ya maiti. Akajichukia.

"Utanichongea vizuri?" mama akauliza.

"Nitakuchongea, mama."

Akatoka uani na mwanzi wake na nondo yake. Akapuliza jiko, akaitumbukiza nondo kwenye makaa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye uovu. Mwanzi una mafundo, na ndani ya kila fundo kuna ukuta mwembamba unaoziba tundu. Fundi hupitisha nondo nyekundu akauchoma ukuta huo, sauti ipate njia. Usipouchoma, kwa nje mwanzi unapendeza vilevile, unang'aa, lakini sauti inafia mle ndani. Mafundi huuita mwanzi bubu.

Wayua alikata. Alisugua. Alipaka mafuta. Alichonga hata ua dogo ubavuni. Nondo ikaiva, ikawa nyekundu, naye akaiacha hapo hapo kwenye makaa.

Alijaribu asifikirie mto. Mto haukukubali.

Walikuwa wamefika ukingoni na gunia la spika, siku ya soko la Mutomo. Ng'ambo, lori la Aftin limesimama na mbuzi juu, nalo linangoja wao wavuke kwanza. Maji yalikuwa ya kufika kwenye vifundo vya miguu tu. Juu, mbingu nyeupe, hakuna wingu. Kivuva akasema, tungoje. Lakini Wayua ni mtu wa milimani. Kwao Nunguni, mto hujaa pale mvua inaponyesha, na ukitaka kujua habari za maji unatazama juu ya kichwa chako. Hakujua mito ya mchanga ya huku chini, ambayo mvua hunyesha mbali usikokuona na maji yakakujia jua likiwaka. Kivuva alijua. Alizaliwa nayo. Lakini Wayua alimcheka, na mwanamume akichekwa na mwanamke anayempenda huacha kujua anachokijua.

Aliingia, gunia begani. Honi ya lori ikalia, ikalia, ikalia. Kisha maji yakatokea kwenye kona na magogo mbele yake.

Na Wayua akakimbia. Hakusubiri hata waokoaji wafike. Alikimbia mpaka barabarani, akapanda gari la kwanza, na alipoulizwa akasema, mimi? Mimi nilikuwa Nunguni.

"Imeisha?" Katunge alikuwa amesimama nyuma yake.

"Imeisha."

Wakachomeka simu. Mama akainama, mkono nyuma ya sikio. Kukasikika kitu kama mtu anayeongea huku amejifunika blanketi.

"Hii ndio spika?" Katunge akauliza. "Hata nikiiweka kwa sufuria inashinda hii."

"Mwanzi ni mpya. Lazima uzoee kwanza."

"Mwanzi unazoea nini? Simu?"

"Wacha, Katunge," mama akasema, uso umelazimishwa tabasamu. "Nasikia. Nasikia kidogo." Hakusikia kitu, na kila mtu pale uani alijua hakusikia kitu. Alimshika Wayua mikono yote miwili. "Mungu abariki hii mikono, mwanangu. Umejaribu."

Afadhali angempiga kofi. Wayua aliinamisha kichwa, akaipokea ile baraka kama mwizi anayepewa chenji ya ziada.

Alikuwa ameanza kukusanya vyombo vyake aondoke, na kumbe njia imezibwa. Wazee wa ukoo walikuwa wakiingia, Nthiwa mbele, baba mdogo wa marehemu, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Na katikati yao, kofia mkononi, alikuwa Aftin.

Wayua alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jikoni.

Aftin alihamia Mutomo zamani na mkewe Shamis, mwenye duka. Alinunua mbuzi, akawapeleka masoko ya mbali, na siku gari likienda Nunguni tupu alirudi na mianzi ya Kivuva bila kumdai kitu. Sasa mji mzima ulisema ndiye aliyempigia Kivuva honi avuke haraka. Na si hilo tu.

"Tumechoka kungoja," Nthiwa akaanza, hata kabla ya kuketi. "Aftin, tunakuuliza mara ya mwisho. Hiyo honi ulipiga ya nini?"

"Kumwambia arudi, mzee. Mimi nilikuwa juu ya lori. Niliona maji ikikuja."

"Nani mwingine aliona hivyo?"

Aftin akaizungusha kofia mkononi.

"Haya. Na mbuzi? Mbuzi za huyu mama zilikuwa kwa lori yako. Kijana amekufa, mbuzi hazijarudi. Ziko wapi?"

"Zilifika kule zilikuwa zinaenda."

"Kwa nani?"

"Hiyo siwezi kusema."

Watu wakaguna. Katunge akatema mate chini. "Unaona? Ameuza!"

"Sijauza, wallahi."

"Basi sema!"

Aftin aliinua macho, na macho hayo yakapita juu ya vichwa vyote yakatua kwa Wayua. Yalikaa hapo kidogo tu, kisha yakaondoka. Lakini yalitosha. Mtu huyu alikuwa ng'ambo ya mto, juu ya lori, uso kwa uso naye. Aliona leso yake ya manjano. Aliona kila kitu. Anajua!

Sasa mbona hasemi?

"Kama huna la kusema, sisi tunalo," Nthiwa akasema. "Kuanzia leo lori yako isipakie mnyama hapa Mutomo. Na mkeo Shamis afunge duka. Mtafute kwingine mtaishi."

Aftin alimgeukia mama Mbithe, wala si wazee. "Mama, mimi nilimpenda Kivuva. Kama hii ndio itakupatia amani, nitaenda."

Mama Mbithe alikuwa amepakata ule mwanzi bubu, na kidole chake kilikuwa kikipita juu ya lile ua dogo, kikienda na kurudi.

Wayua aliona kidole kile. Akamwona na Aftin akiivaa kofia yake taratibu, mtu anayefukuzwa kwa kosa la mwingine, na yule mwingine amekunywa chai ya wenyewe na kupokea baraka za wenyewe. Alitaka kukimbia. Miguu yake ilijua kukimbia vizuri sana, ilikuwa na uzoefu. Safari hii akaichukia.

"Ngojeni," akasema.

Hakuna aliyegeuka.

"Nimesema ngojeni!"

Akakwapua nondo kwenye makaa, nyekundu, na watu wakampisha kwa hofu. Akapiga magoti mbele ya mama. "Nipe hiyo mwanzi, mama."

"Ya nini, mwanangu?"

"Haikuwa mpya. Haikuwa mbaya. Mimi ndio niliifanya bubu."

Nondo ikaingia. Mwanzi ukalia, moshi ukatoka pande zote mbili, na harufu ya sukari iliyoungua ikajaa uani. Ukuta wa kwanza. Ukuta wa pili. Alipuliza majivu, machozi yakimtoka, na moshi haukuwa na kosa. Akachomeka simu, akabonyeza, akafumba macho.

"MAMA, NIMEFIKA MTONI."

Mama Mbithe alipiga yowe. Kivuva alikuwa hapo, uani, mzima, na mafua yake ya siku zote. "Naona lori ya Aftin hapo ng'ambo. Na mbuzi naziona. Asante, mama."

Maji yakavuma. Kisha ikatoka ile sauti nyingine, kali, ya kike, ya dhihaka:

"Kivuva! Wacha simu, vuka! Soko inaisha! Hiyo ni maji ya kuosha miguu, mwanaume mzima unaogopa kulowa?"

Katunge ndiye aliyetambua kwanza. Alimtazama Wayua, akautazama mwanzi, akamtazama Wayua tena.

"Ni wewe," akasema. "Ni wewe!"

"Ni mimi," Wayua akasema. "Nilikuwa huko. Nilimwambia avuke, akavuka. Halafu nikatoroka, nikawadanganya, nikawaacha mseme ni Aftin..."

Lakini hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu Kivuva alikuwa anacheka chini chini, kwa sauti ya siri. Ujumbe haukuwa umeisha. Wayua hakuwahi kufika hapa.

"Mama, umesikia hiyo kelele? Nilikuambia utasikia sauti yake kabla uone sura. Si ndio huyo! Mbuzi zinaenda kwao. Bado sijamwambia, ukimwona usicheke. Na mama, mimi sijakukasirikia, sawa? Jumapili namleta."

Nyayo zikachapa maji, na honi ikaanza kulia kwa mbali, ndefu, ya kuonya, ya mtu anayesihi. Ujumbe ukakatika.

Wayua alikaa chini kwenye majivu. Msichana asiye na sura alikuwa yeye mwenyewe! Alikuwa amemwonea wivu mchana kutwa.

Nthiwa ndiye aliyepata sauti kwanza, nayo haikuwa tena ya kuita ng'ombe. "Aftin. Wewe ulijua hii maneno?"

"Nilimwona, mzee. Na honi yangu mmeisikia."

"Na mbuzi?"

"Maji iliposhuka, nilizifikisha Nunguni. Kwa mzee Kyule, baba yake huyu. Hakuwa amesikia habari ya kifo. Alizipokea, akanipea chai."

Wayua alifunika uso. Wale mbuzi wa nyuma ya nyumba! Baba alisema ni wa mtu, anawachunga tu, na hakutaka kuulizwa zaidi. Na yeye amekuwa akiwakatia majani kila jioni kwa mikono yake.

"Mbona ukanyamaza, Aftin?" mama Mbithe akauliza. "Tumekutukana. Tumekufukuza."

"Kivuva aliniambia nisitaje jina mpaka amwambie msichana mwenyewe. Amana ni amana, mama. Na nikasema, nikifungua mdomo, huyu msichana anakuwa mjane na hajaolewa. Ni mtoto wa watu. Mimi ni wa kuhama tu, nimezoea."

Hilo ndilo lililommaliza Wayua. Angetukanwa angestahimili. Alilia kwa sauti, bila aibu, paji la uso kwenye vumbi.

"Nisamehe, Aftin. Nisamehe."

"Mimi nimeshasamehe," Aftin akasema kwa upole. "Lakini mimi si wa kuombwa kwanza."

Wazee walinong'onezana. Nthiwa akakohoa. "Hapa kuna jambo. Baba yake alipokea ntheo. Alipozipokea, huyu akawa mke wa boma hii. Hilo hakuna mtu anaweza kubadilisha."

"Mke?" Katunge alilia. "Huyu? Ametuulia mtoto halafu tumwite mke? Mama, mfukuze! Mfukuze sasa hivi!"

Mama Mbithe alisimama. Alikwenda polepole mpaka mlangoni kwake, akausukuma ukafunguka wote, akageuka. Mwanzi ulikuwa bado mkononi mwake, unatoa moshi kidogo. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililotisha.

"Mke wa mwanangu aingie ndani, hapa ni kwake," akasema. "Lakini ule mwanamke alimcheka mwanangu akaingia kwa maji, simtaki kwa nyumba yangu. Abaki hapo nje."

Mlango ulikuwa wazi. Watu wote walikuwa wanamtazama. Wayua alijiinua kutoka kwenye majivu, akafika kizingitini, akasimama hapo, asijue ni mguu upi autangulize.